Wako Mwaminifu

Bi Thirza Oldroyd ndiye aliyenifunza barua,
ofisi ya bima, ghorofa ya pili, mjini Halifax,
mvua ikikwaruza kioo, chai yake ikipoa.
"Kiingereza," alisema, "kina kabati zima
la maneno ya kutomaanisha.
Sisi hapa tunafungua droo mbili tu."

Ya kwanza, masikitiko.
*Tunasikitika kukuarifu.* Humo hamna chozi,
ni mlio wa bawaba kabla mlango haujafungwa.
"Usithubutu kuandika *ninasikitika*.
Huyo ana jina, ana kiti, atapigiwa simu.
*Tunasikitika* hakai popote."

Ya pili, heshima.
*Kwa heshima*, maana yake umekosea.
*Kwa heshima zote*, umekosea na huna akili.
*Kwa heshima kubwa kabisa*:
hapo shika shavu lako, kofi liko njiani.

Mengine niliyaokota mwenyewe, kwa kujikwaa.
Meneja Cawthra akisema wazo lako linavutia,
limeshazikwa, matanga yameanuliwa.
Akiliita la kijasiri, tafuta kazi kwingine.
Siku ya kwanza alinishika bega:
"Lazima tule chakula cha mchana siku moja."
Mimi, niliyefika kutoka Gdynia na begi moja,
nikatoa shajara, nikalamba ncha ya penseli.
"Lini? Alhamisi?"
Alinitazama kama niliyemwomba figo.

Wala si kwamba hawana majina ya kuuita uwongo huu.
Wanayo tele. La mwenye nyuso mbili,
la mpaka siagi, la mlia machozi ya mamba,
la anayemvika mwenzake kilemba cha ukoka,
la anayelipa deni la moyo kwa midomo.
Ila kila jina ni la jirani.
Miaka sita sijasikia mtu akisema "mimi mnafiki"
asiyengoja aambiwe, "Wewe? Hata kidogo."

Na mwisho wa barua, jamani, mwisho wa barua!
Unayemjua jina, wewe ni wake kwa moyo wa dhati.
Usiyemjua, wewe ni wake mwaminifu.
Nikauliza, "Kwa hiyo uaminifu tunawawekea
watu tusiowajua?"
Bi Thirza alicheka mpaka miwani ikamtoka,
kisha akanyamaza muda mrefu,
akikoroga chai isiyokuwa na sukari.

Alistaafu Septemba. Tulitia sahihi kadi kubwa:
*Ofisi haitakuwa ile ile bila wewe.*
Jumatatu ofisi ilikuwa ile ile.

Desemba mto Calder ulipanda ngazi za watu.
Madai mia mbili na sita kwa wiki moja,
na la mia moja na tisini lilikuwa lake:
zulia, piano, picha za marehemu dada yake.
Ibara ya kumi na nne ilimkataa.
Barua ya kukataa aliitunga yeye mwenyewe,
kila koma yake, mwaka ambao mimi sijazaliwa.

Nilikaa nayo hadi taa za ukumbi zikazimwa.
Nikafuta silabi moja, nikaweka nyingine.
*Ninasikitika.*
Nikaipeleka posta kwa mkono wangu.

Ikarudi baada ya siku nne,
karatasi imejikunja kwa unyevu,
imesahihishwa kwa wino mwekundu.
*Nina* imekatwa, juu yake *tuna*,
na pembeni: "Watakufukuza, mjinga wewe."
Ibara ya kumi na nne ameipigia mstari:
"Hii sentensi niliionea fahari. Mungu anisamehe."

Chini, pale penye moyo wa dhati,
hakuwa wa mtu yeyote. Aliandika tu:
"Alhamisi, saa saba kamili. Supu.
Njoo na viatu vya mpira,
jikoni bado kuna maji."